Sauti Iliyosema "Nyumbani"

Wanangu, siku mtu atakapowaambia redioni kwamba leo anacheza nyumbani, msifurahi kwanza. Muulizeni yuko wapi, na mikono yake imeshika nini.

Mimi ni Kemunto. Nimestaafu, siku hizi niko Sironga nachuma majani chai yangu na kugombana na kuku wa jirani. Lakini miaka yangu ya nguvu iliishia katika chumba cha swichi, kwenye kituo kidogo cha umeme nje ya mji wa Kisii. Kazi yangu ilikuwa kuzima na kuwasha laini kubwa. Mafundi wakitaka kupanda nguzo, mimi nazima. Wakimaliza wakashuka, mimi nawasha. Sikupanda nguzo hata moja maishani mwangu. Nilikuwa na meza, simu, redio ya upepo ya kuzungumza na mafundi, yenye waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe, na ukuta mzima wa swichi. Watu niliowalinda niliwajua kwa sauti zao.

Usemi huu wa kucheza nyumbani mnaujua kutoka mpirani. Timu ikiwa kwao, uwanja inaujua, mashabiki ni wake, miguu haijachoshwa na safari. Watu wetu wakautoa uwanjani wakautembeza kila mahali. Mkulima akitia mbolea na kesho yake mvua ikanyesha ile ya taratibu, atasema, "Leo nimecheza nyumbani." Kijana akienda kuposa, akakuta baba ya msichana alisoma na baba yake, wenzake watamwambia ameshinda, huo uwanja ni wake. Hata mhubiri wetu, Sabato moja kwaya ilipoimba bila kugombania sauti na vipaza sauti vikakubali kufanya kazi, alisimama akasema, "Wapendwa, leo shetani amekuja ugenini." Kanisa likacheka mpaka mzee wa kanisa akalazimika kukohoa.

Kazini kwetu usemi uliletwa na mzee Okeyo. Alikuwa msimamizi wa kundi moja la mafundi wa laini, mtu wa upande wa Homa Bay aliyekuja Kisii akiwa kijana, akaoa, akajenga, akajifunza Ekegusii cha kutosha kununua ndizi bila kuibiwa. Ujanani alikuwa golikipa, na mikono yake ilikuwa kama masinia. Akifika mahali pa kazi akakuta ardhi ni kavu, upepo umelala, vifaa vimefika na kila mtu ana afya, alibonyeza redio akasema, "Kituo, hapa Okeyo. Leo tunacheza nyumbani." Ikiwa ni tope, mawingu yananguruma na lori limekwama, alisema, "Tuko ugenini, mama. Tuombeeni." Kwa maneno mawili nilijua siku yake ilivyo.

Wakati mmoja nilimuuliza, "Mzee, kwani anayecheza nyumbani lazima ashinde?"

Akacheka. "Nyathina, mwanangu, mabao yangu mabaya yote nilifungwa nyumbani. Ugenini uko macho. Nyumbani unapungia shangazi mkono."

Palikuwa na mhandisi mgeni aliyeletwa kwetu kutoka Pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Siku yake ya kwanza kusikiliza redio, Okeyo akaja na wimbo wake. Mhandisi akaninyang'anya kisemeo. "Bwana Okeyo, hizi ni saa za kazi! Mnacheza nini, na nyumbani kwa nani?" Okeyo naye kwa heshima zote: "Hapa karibu na Keroka, bwana." Mhandisi akaingia kwenye gari akaenda kuwafumania. Aliwakuta wanaume juu ya nguzo, jasho linawatoka hadi kwenye viatu. Tulicheka wiki nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama yule mgeni, kwa ugeni wake, hakuwa ametuonyesha ufa.

Maana ufa ulikuwepo. Kundi jingine la mafundi wetu, la Nyamira, nao walikuwa na desturi yao. Wakimaliza kazi na kurudi yadi kwao, walisema redioni, "Kituo, tuko nyumbani." Kwa Okeyo, nyumbani ilikuwa hali nzuri ya kufanyia kazi. Kwa watu wa Nyamira, nyumbani ilikuwa kazi imekwisha. Neno moja, na mimi katikati nikilielewa kwa kutambua sauti ya anayesema. Tuliishi hivyo miaka, na kwa sababu hakuna aliyeumia, tuliona ni sawa.

Sasa niwaeleze jambo la ufunguo, halafu mtaelewa yaliyofuata.

Nilipozima laini kwa ajili ya mafundi, nilifunga mkono wa swichi kwa kufuli, nikatundika kibao chekundu cha WATU KAZINI, na ufunguo nikauweka kwenye ndoano mbele ya meza yangu. Ufunguo hautoki kwenye ndoano mpaka msimamizi mwenyewe aseme jina lake, mahali alipo, na kwamba watu wote wako chini na vifaa vyote vimetolewa kwenye waya. Mimi nayarudia maneno yake. Yeye anasema ni sawa. Ndipo naondoka kwenye kiti. Aliyenifundisha hayo ni bosi wangu, Mosoti, mtu wa Nyanchwa, mwembamba, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino. Siku yangu ya kwanza alinifanya niyarudie hayo mpaka chai yangu ikashika utando. "Usiwashe kwa kukisia," aliniambia. "Ukikisia na kuna mtu juu, hutapata wa kumwomba msamaha."

Basi ikaja ile mvua ya mawe. Mnaijua mvua yetu. Ilipiga jioni, ikachana migomba, ikang'oa mabati, na karibu na Keumbu ikaangusha mti juu ya laini. Nguzo ikavunjika. Laini hiyo hiyo ndiyo iliyopeleka stima kwenye hospitali moja huko mbele. Asubuhi jua likatoka kama halijui lolote. Anga safi, hakuna upepo. Nikazima, nikafunga kufuli, Okeyo akaondoka na watu wake.

Mapema tu akaita. "Kituo, hapa Okeyo, niko Keumbu. Ardhi imeshakauka. Nguzo mpya imefika. Leo tunacheza nyumbani."

"Chezeni vizuri, mzee," nikamjibu.

Kisha simu zikaanza. Mwenye kinu cha unga. Mwenye bucha. Mwalimu mkuu. Hao nimewazoea. Halafu akapiga muuguzi wa ile hospitali, akajitambulisha kuwa Sista Kwamboka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Madam, jenereta yetu imezima. Fundi anaivuta na haishiki. Nina mapacha waliozaliwa kabla ya miezi yao, walikuwa kwenye mashine ya joto. Mashine inapoa. Mtatuwashia lini?"

"Nguzo ilivunjika, Sista. Mafundi wako kazini."

"Sijauliza mafundi wako wapi. Nimeuliza lini."

Niliita Okeyo redioni. Kimya. Nikaita tena. Kulikuwa na mngurumo tu, kama mtu anakaanga mahindi. Mlingoti wetu wa redio ulikuwa umeyumbishwa na ile mvua, na sauti zikawa zinakuja na kupotea. Simu yake ya mkononi iliita bila kupokelewa, maana akipanda nguzo huwa anaiacha ndani ya lori, na lori nalo dereva alikuwa ameliendesha kwenda kuchukua vikombe vya kushikia waya.

Mosoti aliingia akiwa na simu yake sikioni. Wakubwa walikuwa wanampigia, na wakubwa wao walikuwa wanawapigia wao. Alisimama nyuma yangu. Na hapo ndipo redio ilipofunguka.

"Kituo... khrrr... nguzo imesimama... khrrr... tuna... khrrr... nyumbani... khrrr... kazi..."

Ikafa.

Mosoti akakata simu yake. "Umesikia? Nguzo imesimama. Wako nyumbani. Kazi imekwisha. Washa, Kemunto."

Nilikuwa nimeshika kisemeo. "Bosi, hiyo ni sauti ya Okeyo. Okeyo akisema nyumbani hamaanishi yadi. Anamaanisha mambo yanaenda vizuri. Huenda bado wako juu."

"Alisema hivyo asubuhi. Mtu hasemi uwanja ni mzuri mara mbili."

"Okeyo anaweza."

"Na amesema kazi."

"Kazi imekwisha ama kazi inaendelea? Neno la mwisho sikulipata. Wewe ulilipata?"

Simu ya mezani ikaita. Nilipoipokea nikasikia kwanza kilio chembamba, kidogo sana, kama cha paka aliyefungiwa kabatini. Kisha Sista Kwamboka: "Mmoja ameanza kubadilika rangi. Madam, tafadhali." Nikamwambia, "Wawekeni kifuani, Sista, ngozi kwa ngozi, na muwafunike." Akasema, "Unafikiri nimeketi tu?" Akakata.

Mtasema, si mafundi huwa wanafunga waya za ardhini, ili stima ikirudi ghafla izame udongoni badala ya kupita mwilini? Walikuwa nazo. Lakini kundi lile lilikuwa na seti moja tu, na kazi ile ilikuwa ya nguzo mbili, kwa hiyo upande mmoja ulibaki bila kinga. Nililijua hilo. Mosoti alilijua.

"Kemunto," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeshikwa shingo, "kuna watoto wanakufa kule. Hao tunajua wapo. Mtu juu ya nguzo ni wewe unamdhania. Washa. Nimekuamuru."

Akanyoosha mkono kwenye ndoano.

Nilimwahi. Nilichukua ufunguo nikautumbukiza ndani ya blauzi yangu, mahali ambapo mwanamume wa Kisabato mwenye mke na heshima zake hawezi kuufuata. Leo nikisimulia watu hucheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Tulisimama tukitazamana, mimi nikiwa na mkono kifuani, yeye mkono wake bado uko hewani.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," nilimwambia. "Jina lake, mahali alipo, wote wako chini. Mimi sijasikia hayo."

"Na wakifa?"

"Nitakuwa nimewaua kwa kungoja. Najua, bosi. Lakini wale wengine nitakuwa nimewaua kwa mkono."

Sikuwa jasiri, wanangu. Nilikuwa nikifikiria kile kilio cha paka, na nilikuwa nikifikiria Ondieki, kijana wa kundi la Okeyo, ambaye mkewe alikuwa ameniuzia maparachichi siku iliyotangulia. Hakuna mafunzo yanayokuambia uchague nini kati ya hao. Yanakuambia tu usikisie. Basi nikaanza kutafuta namna ya kujua.

Palikuwa na mama anayeuza ndizi Keumbu, Mama Dennis. Nilikuwa mteja wake, na namba yake nilikuwa nayo kwa sababu hunipigia akipata mkungu mzuri. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara. Nikapiga. Haikushika. Nikapiga tena, ikaita, ikakatika. Mara ya tatu akapokea.

"Kemunto! Leo ndizi hakuna, mawe yamenimalizia—"

"Mama Dennis, acha ndizi. Toka nje uangalie laini ya stima, pale mti ulipoangukia. Kuna mtu juu ya nguzo?"

"Nguzo gani?"

"Ile mpya. Nenda uone. Tafadhali usikate."

Nilisikia kandambili zake zikipiga lami. Nikasikia pikipiki, mbuzi, mtu akimuuliza kwa Ekegusii anakimbizwa na nani. Mosoti alikuwa amesogea karibu, sikio lake karibu liguse mkono wangu. Nilisikia pumzi yake.

"Hapa kuna watu wamesimama wanaangalia juu," akasema Mama Dennis.

"Wanaangalia nini?"

"Ngoja nipite, jua linanipiga macho... Ee. Wako wawili. Yule mzee Mjaluo na kijana mwingine. Wameshika waya."

Mosoti aliichukua simu kutoka mkononi mwangu. "Mama," akasema, "wamezishika kwa mikono?"

"Kwani wazishike na nini? Kwa mikono."

Mosoti akanirudishia simu. Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akateleza akaketi sakafuni, na zile kalamu zake tatu zikaanguka moja moja. Hakuziokota.

"Mama Dennis, mwite. Mwambie Kemunto wa kituo anamtaka."

Alikuwa na sauti ya sokoni, Mungu ambariki. Nusu ya Keumbu ilisikia. Baada ya muda Okeyo akawa kwenye simu, anahema kwa kushuka haraka.

"Kuna nini, mama? Nimewaita redioni nikawaambia. Nguzo imesimama, tunacheza nyumbani, kazi inaendelea."

"Tulipata 'nguzo imesimama', 'nyumbani' na 'kazi' tu, mzee."

Mtu aliyefanya kazi hii kwa muda ule hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Umewasha?"

"Ningekuwa nimewasha, ungekuwa unaniuliza?"

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi. Mzee, hospitali ina watoto kwenye baridi. Kimebaki nini?"

"Waya mmoja. Ondieki anaufunga."

"Ufungeni. Msikimbie mkaanguka. Halafu nataka uniambie kila kitu kwa Kiswahili cha shule. Sitaki mpira."

Simu ya Mama Dennis ilibaki wazi. Tulisikiliza. Okeyo alikuwa akimwongoza Ondieki kutoka chini, pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Mosoti aliinuka sakafuni, akachukua simu ya mezani, akaipigia hospitali mwenyewe. Alisikiliza matusi yote ya yule muuguzi bila kujitetea. Alisema tu, "Bado kidogo, Sista. Ni mimi ninayesimamia. Nilaumu mimi."

Hatimaye: "Hapa Okeyo. Niko Keumbu, chini ya nguzo mpya. Ondieki yuko chini. Watu wetu wote wako chini, nimewahesabu. Waya za ardhini zimetolewa. Vifaa vyote vimetolewa. Unaweza kuwasha."

Nikayarudia, neno kwa neno. Akasema, "Ni sawa." Nikageuka nyuma, nikatoa ufunguo ukiwa na joto la mwili wangu, nikafungua kufuli. Mkono wa swichi ulikuwa mzito siku ile. Ulipopanda ulilia kama kawaida yake, na sindano za mita ukutani zikasimama. Hazikuanguka.

Okeyo alikuja kituoni mchana, na udongo hadi magotini. Hakuketi. "Mama," akasema, "kama ningekufa leo, ningekufa kwa maneno yangu mwenyewe." Kisha akamgeukia Mosoti. Nilidhani watapigana. Mosoti akasema, "Nilimwambia awashe. Ujue." Okeyo akasema, "Kuna watoto. Hata mimi pengine ningesema hivyo." Wakapeana mikono, lakini nawaambia ukweli, ilichukua muda mrefu kabla ya watu hao wawili kunywa chai meza moja.

Tangu siku ile Mosoti alipiga marufuku mpira redioni. Okeyo aliendelea na usemi wake kwenye kantini, na kwenye harusi ya binti yake aliutumia vizuri mpaka wakwe wakapiga makofi. Ni usemi mtamu, sina ugomvi nao. Utumieni shambani, utumieni mkiposa. Lakini mahali ambapo uhai wa mtu umening'inia kwenye sentensi yako, sema maneno ambayo yakikatwa nusu na upepo, ile nusu inayobaki haiwezi kumuua mtu. Nyinyi siku hizi mna skrini na mnatumiana ujumbe wa herufi mbili na kikaragosi. Hizo pia hukatwa nusu.

Zamu yangu ilipoisha sikwenda nyumbani. Nilipanda gari hadi ile hospitali. Niliogopa kuuliza, nikasimama kwenye mlango wa wodi nikiwa na sare yangu ya kazi mpaka muuguzi mmoja akanijia.

"Wewe ndiye wa simu," akasema. Alikuwa Sista Kwamboka. Nilimdhania mkubwa, kumbe ni msichana mdogo kunishinda.

"Ni mimi."

Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Nilikutukana baada ya kukata simu."

"Najua."

"Wako hai," akasema. "Wote wawili. Lakini mashine imegoma kupata joto tena, na yule mama mgeni aliyenisaidia kumbeba mmoja kifuani anataka kuwahi gari la Oyugis. Nawa mikono. Fungua vifungo."

Nikanawa. Nikaketi kando ya kitanda cha mama yao, msichana wa shambani aliyechoka, pacha mmoja amelala kifuani pake. Wa pili wakanilaza mimi. Alikuwa mdogo kama kiganja cha Okeyo, na moyo wake ulipiga haraka sana juu ya wangu.

"Wewe ni nani?" mama yao akaniuliza.

"Nafanya kazi ya umeme."

"Ni nyinyi mlikuwa mmetunyima stima?"

"Ni sisi."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na watu juu ya nguzo."

Alimtazama mtoto wake pale kifuani pangu. Nilingoja aseme lolote atakalo.

"Wameshuka?"

"Wameshuka."

"Basi mfunike mgongo vizuri," akasema, akafumba macho.